Sauti ya Mtoto wa Vestine

Jumanne, 22 Aprili

Muhula wa tatu umeanza na mvua. Darasani kwangu wamo wanafunzi hamsini na wanane, na wanaofungua mdomo kwa Kiingereza ni wanne, mmoja wao akiwa binti yangu Anita, ambaye hana pa kukimbilia. Waliobaki wanaandika vizuri tu. Ukimwuliza mmoja jina lake kwa Kiingereza anatazama dari kana kwamba limeandikwa huko juu.

Basi nimeanzisha klabu. Wamejiandikisha tisa. Kila mmoja atapiga picha tano za maisha yake, ataandika hadithi fupi ya kweli, kisha ataisoma kwa sauti yake mwenyewe ndani ya simu. Kuna programu inayounganisha picha na sauti ikawa filamu ndogo. Nilifundishwa hayo kwenye semina ya siku mbili Bujumbura. Shirika lililotufundisha limeandaa na mashindano, na shule itakayoshinda itapewa tableti kumi na tano. Sitajidanganya hapa kwamba sizifikirii.

Walituagiza kila mwalimu aandike maendeleo ya wanafunzi wake, kwa Kiingereza. Hayo nitaandika. Haya ya daftari hili ni yangu, na nayaandika kwa Kiswahili cha Mishamo nilikozaliwa, huko Tanzania, wazazi wangu walipokuwa wakimbizi. Hapa Minago mpaka leo wananiita Mtanzania.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Umeme hakuna, simu hazina chaji. Hatukufanya kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimegundua jambo. Hawaogopi Kiingereza, wanaogopana. Nimefungua stoo ya vitabu, mtoto anaingia peke yake na simu yangu, anafunga mlango, anaongea. Jean Bosco, ambaye tangu Septemba sijamsikia hata akikohoa, ameongea dakika mbili nzima kuhusu michikichi ya babu yake kule Kizuka. Kiingereza chake kina mashimo, lakini kinatembea. Nilirudi nyumbani nikiimba. Mama yangu, ambaye anakaa nasi, akaniuliza kama tumelipwa.

Ijumaa, 2 Mei

Leo kabaki nyuma msichana mmoja wa Magara, Aksanti, mtoto wa Wakongo waliovuka ziwa zamani. Huja shuleni kwa baiskeli ya baba yake. Ni mkimya kiasi kwamba walimu wenzangu wanamsahau kwenye orodha. Mama yake, Vestine, alikuwa akiuza ndagala, dagaa wa ziwa hili, ufukweni. Alifariki mwezi wa sita mwaka jana.

"Madamu, naweza kusema juu ya mama?"

Nikamwambia hadithi ni yake, aseme anachotaka.

"Kwa Kiswahili siweze. Nyumbani nikianza tu, baba iko analia, na miye nanyamaza. Kizungu hakuna mutu wa kwetu anakisikia." Akafikiri kidogo. "Lakini nataka baba asikie sauti. Maneno, hapana. Sauti tu."

Nilimwona ana akili kuliko semina nzima ya Bujumbura.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Ziwa limepanda tena hadi kwenye vibanda vya chini. Darasa nusu.

Alhamisi, 8 Mei

Aksanti ameingia stoo leo. Alipotoka alinirudishia simu kwa mikono miwili, akaenda kusimama chini ya paa na wenzake. Nilivaa visikizio nikasikiliza kwenye ofisi ya walimu, mgongo wangu ukiwa kwa watu.

Hili ni beseni la mama yangu, anasema kwa Kiingereza. Hii ni meza yake ufukweni, sasa mwanamke mwingine anauzia hapo. Hiki ni kitenge chake, kina harufu ya samaki, hatukifui. Baada ya kila sentensi ananyamaza. Siyo kwamba amesahau. Anapumua, unasikia mvua kwenye bati, unamsikia akimeza mate, halafu anarudi. Alipofika kwenye kusema kwamba mama yake alikufa, alikaa kimya muda mrefu nikadhani amezima simu. Kumbe hajazima. Akaendelea. Alisema na mengine ambayo sitayaandika, kwa kuwa ni yake.

Nimefundisha miaka kumi na minne. Sijawahi kusikia mwanafunzi akisema Kiingereza kama mtu anayesema jambo. Nililia, mwalimu mwenzangu akanisogezea chai.

Urefu: dakika nne na sekunde arobaini.

Jumatatu, 12 Mei

Ujumbe kutoka kwa bwana Modeste wa shirika: hadithi isizidi dakika tatu, mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Kila shule itume moja.

Nimemwita Aksanti nikamwomba asome upya haraka kidogo. Akajaribu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa dakika nne na nusu. Mara ya pili alisimama katikati, akasema, "Madamu, miye nasema pole pole," akatoka.

Jumatano, 14 Mei

Nimejaribu kukata ukimya wake kwa ile programu. Anasikika kama mtu anayekimbizwa. Nikatupa kazi hiyo nikaanza upya, nikaharibu tena.

Direkteri wetu, mkuu wa shule, Monsieur Pontiani, amenisimamisha uwanjani: "Madame Zipora, tunatuma nini?" Nikamwambia tuna hadithi nzuri sana. Hiyo ilikuwa kweli.

Alhamisi, 15 Mei

Jioni nilimwita Anita tukiwa jikoni. Nikampa maandishi ya Aksanti, nikamwambia ayasome kwenye simu. Yeye Kiingereza chake ni cha kuteleza, amekua akinisikia.

"Kwa nini mimi?"

"Kwa ajili ya muda. Ni kusaidia."

"Yeye anajua?"

Nikamwambia nitamweleza. Alisoma mara moja tu, dakika mbili na sekunde hamsini, sauti safi, akamaliza hata maharage hayajaiva. Niliweka sauti hiyo juu ya picha za beseni, meza na kitenge. Ikapendeza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ilipendeza.

Simu ikakataa kuihifadhi, ikasema imejaa. Nikafuta vitu.

Ijumaa, 16 Mei

Nimetuma.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia Aksanti kwamba hadithi yake imekwenda, na kwamba tuliitengeneza kidogo upande wa sauti ili iingie kwenye muda. Maneno yangu yalikuwa hayo hayo, nayakumbuka kwa kuwa niliyapanga njiani.

"Sawa, Madamu. Murakoze."

Alinishukuru tu. Hakuuliza, nami sikumpa nafasi ya kuuliza.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua ya mwisho nadhani. Masahihisho.

Jumanne, 3 Juni

Tumo kwenye tano bora za nchi nzima. Monsieur Pontiani ameingia darasani kwangu bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya ukaguzi, akatangaza. Watoto wakapiga makofi, wakamgeukia Aksanti. Aksanti akatabasamu. Sikujua ana mwanya.

Kisha direkteri akanivuta nje. Tarehe 28 mwandishi wa kila hadithi anatakiwa Bujumbura, aongee kwa mdomo mbele ya wageni. Waamuzi wamesifu sana, akanisomea kutoka kwenye simu yake, "wepesi wa kuzungumza wa binti huyu".

Nimekaa nikitazama madaftari ambayo sikusahihisha hata moja.

Jumamosi, 7 Juni

Leo mama yangu amenipiga bila kuninyooshea mkono.

Alikuwa uani anachagua mchele, Anita amekaa karibu yake akitazama ile filamu. Mama hakusoma. Maneno ya Kiingereza aliyoyapata ukimbizini, kwenye foleni za kuandikishwa na za zahanati, hayafiki sita: jina, baba, mama, amekufa, weka kidole hapa. Yalimtosha.

"Zipora. Huyo ni Anita anaongea?"

"Ndiye, mama."

"Anasema mama yake amekufa?"

Nikaeleza kwamba ni hadithi ya mtoto mwingine, ni ya shule, ni Kiingereza tu.

"Mungu hasikii Kiingereza?" Akaweka ungo chini. "Umemkalisha mtoto wako akuzike kwa kinywa chake. Na huyo mwenye msiba umemwachia nini?"

Anita aliinuka akaingia ndani. Mimi ni mwalimu, nina cheti cha semina, na mwanamke asiyejua kusoma alikuwa amenisahihisha. Katika nyumba hii hakuna mtu anayetaja kifo cha aliye hai hata kwa mzaha, na mimi mwenyewe nilimkanya Anita alipokuwa mdogo. Nilidhani kwa Kiingereza maneno hayana uzito. Aksanti naye alidhani hivyo hivyo, lakini yeye alipoyachukua alisikia uzito wake, ndiyo maana alikuwa akisimama kupumzika.

Jumanne, 10 Juni

Baba yake Aksanti amekuja shuleni. Anaitwa Kabwe, mvuvi, mrefu, kavaa shati la kanisani. Alinisalimu kofia mkononi.

"Amahoro, Mwalimu. Nimekuja kwa kitu kadogo. Tarehe kumi na mbili mwezi wa saba tunatosha matanga ya mama Aksanti, kilio kiishe. Ndugu watatoka Baraka, watatoka Uvira. Na kwetu siku ile mutoto wa marehemu lazima aseme. Huyu wangu tangu mama yake afe hajamutaja, hata siku moja. Sasa nasikia hapa kwenu amesema."

"Amesema," nikajibu.

"Kizungu hatukisikie, lakini haina shida. Nitakodi baffle ya kupaza sauti, tutamusikia mutoto wetu. Unitumie mu telefone."

Nikamwambia nitamtumia jioni. Alinishukuru kwa Kirundi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Jumatano, 11 Juni

Sikumtumia.

Alhamisi, 12 Juni

Kanipigia. Nikasema mtandao mbaya. Sikumtumia.

Ijumaa, 13 Juni

Kanipigia mara mbili. Sikupokea. Vumbi limeanza barabarani, na upepo wa kiangazi. Nimemwambia Anita ajiandae pengine atakwenda Bujumbura tarehe 28, aseme tu maneno ya hadithi, hakuna atakayeuliza kitambulisho. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaoibia mtihani. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Najua: nilikuwa nafikiri tableti kumi na tano.

Jumanne, 17 Juni

Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu haikufika hata mwisho wa mwezi. Monsieur Pontiani kwa furaha yake alimtumia Kabwe filamu Jumapili.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu. Hakuwa na kofia. Aksanti alikuwa amesimama pembeni, mkono kwenye usukani wa baiskeli.

"Mwalimu, tulikusanyika pale Magara. Wamama wa ndagala wote, na mimi. Nikafungua. Wamama wakalia." Alikuwa anaongea taratibu bila hasira, na hilo lilinitisha zaidi. "Mimi nilingoja Aksanti aanze. Nikangoja. Ikaisha, hajaanza."

Akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya benchi.

"Mimi sijui Kizungu. Lakini mutoto wangu akiita mama, najua. Huyu anasema ni mutoto ya nani?"

"Wangu."

"Na mama yake?"

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Kumbe uko muzima," akasema.

Ndipo Aksanti alipojua. Hakuwahi kuisikia ile filamu, hana simu, na walipokusanyika Magara baba yake alikuwa amemtuma maji. Nilimwona akigeuka kunitazama, halafu akatazama gurudumu la mbele.

"Haya," akasema Kabwe. "Haina shida. Nipe ile ya Aksanti, tuachane vizuri."

"Sinayo. Niliifuta."

"Ulifuta nini?"

"Sauti yake. Simu ilikuwa imejaa."

"Ilijaa nini?"

Nikakumbuka vilivyokuwemo kwenye simu usiku ule, ambavyo nilivipitia kimoja kimoja nikaviacha: nyimbo za kwaya, harusi ya shemeji yangu, namna ya kupika keki bila tanuri. Nilifuta sauti ya Aksanti kwanza kwa sababu nilijiambia nimekwisha kupata nyingine nzuri zaidi.

Kabwe alingoja kwa heshima, kisha akamwambia mwanawe, "Twende." Wakaondoka na ile baiskeli, yeye akikanyaga, Aksanti nyuma.

Jumatano, 18 Juni

Nimesoma tena niliyoandika tarehe 8 Mei na 15 Mei. Hata humu ndani, kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma, nilidanganya.

Niliandika kwamba Aksanti alisema mengine ambayo ni yake, kana kwamba ni heshima. Alisema hivi: asubuhi ile mama aliniomba nibaki nyumbani, anajisikia vibaya. Nikamwambia siwezi, leo kuna mtihani wa mdomo wa Kiingereza, asiyekuja anapata sifuri. Nikaenda. Niliporudi hakuwepo.

Asiyekuja anapata sifuri. Ni maneno yangu, nayasema kila mwaka na kidole nimekiinua. Nimetafuta daftari la alama la mwaka jana. Aksanti alikuja siku hiyo, akakaa mbele yangu, hakufungua mdomo, nikampa mbili juu ya ishirini. Mbili za kuhudhuria.

Nilipompa Anita maandishi jikoni, sentensi zile nilikuwa nimekwisha kuzikata. Nilisema ni kwa ajili ya muda. Zilikuwa sekunde ishirini tu. Nilizikata kwa kuwa zilinitaja, na nilipofuta sauti, nilifuta mahali pekee zilipokuwa zimesemwa. Sikutaka Bujumbura wazisikie. Hata mimi mwenyewe sikutaka kuzisikia mara ya pili.

Baba yake hajui kwamba mama alimwomba abaki. Ndicho Aksanti alichokuwa anataka kukisema mbele yake, kwa sauti yake mwenyewe, kwa lugha ambayo baba hataielewa. Mwaka mzima alitafuta namna, akaipata kwenye stoo yangu ya vitabu.

Ijumaa, 20 Juni

Nimempigia bwana Modeste nikamweleza kwamba sauti siyo ya mwandishi, na kwamba aliyebadilisha ni mimi. Akasema angependa nisingemwambia. Tumeondolewa.

Monsieur Pontiani hanisalimii. Alichosema ni kimoja: "Madame, ungesubiri tarehe 28 ipite." Watoto wa klabu wamejua kwamba tableti hazipo. Sababu nimewaambia mwenyewe, darasani, kwa Kiswahili ili asipatikane wa kusema hakuelewa. Jean Bosco akauliza kama ya kwake pia nilibadilisha. Nimestahili.

Jumanne, 24 Juni

Mtihani wa mdomo. Aksanti alikuja, akakaa mbele yangu. Nilimwuliza jina lake. Hakutazama dari. Alinitazama mimi mpaka muda wake ukaisha, akainuka, akasema "Murakoze" akatoka. Nimeacha nafasi ya alama wazi, nimemwomba mwalimu mwingine ampime.

Jumanne, 1 Julai

Sikukuu ya uhuru, gwaride, jua kali. Sikwenda.

Jumamosi, 5 Julai

Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilikwenda Magara na kreti mbili za fanta, maana Kabwe ni mtu wa kanisa, hanywi pombe. Petroli hakuna, pikipiki hazionekani, nikalipa kijana wa baiskeli aliyefunga kreti nyuma yake na mimi nikatembea. Mama yangu alitaka kuja, magoti yakamkatalia. Anita alikuja bila kuombwa.

Kabwe alizipokea kreti, akaziweka kivulini, hakuzifungua. Nikapiga magoti kwenye mchanga mbele ya mlango wake, mwalimu mzima. Akaniambia niinuke, watu wanaona.

"Mwalimu, mimi nakusamehe. Shida haiko yangu. Shida ni kwamba tarehe kumi na mbili watu watauliza mutoto wa Vestine amesema nini. Batu bote ba hapa wamesikia sauti ya mutoto wako. Sasa utakuja siku ile, utasimama, utasema wewe mwenyewe, ile haikuwa Aksanti."

"Nitasema."

"Utasema yote."

Aksanti alikuwa anaanua nguo kwenye kamba. Aliposikia neno hilo, mikono yake ikasimama. Nikaelewa.

"Nitasema yote yaliyo yangu," nikajibu. Kabwe akakubali kwa kichwa. Aksanti akaendelea kuanua nguo.

Alhamisi, 10 Julai

Sijalala vizuri. Naandika hotuba, naichana. Wakati wa kufundisha huwaambia watoto, sema tu kilichotokea.

Jumamosi, 12 Julai

Walikuwa watu mia mbili au zaidi, chini ya maturubai yaliyofungwa kati ya nyumba na barabara. Ndugu wa Baraka walikuwa wamekaa mbele, wamevaa vitenge vya namna moja. Walisali, wakaimba, wakala wali na samaki, kisha mzee wa kanisa akasema kabla ya mtoto wa marehemu kuna mgeni ana neno.

Nilisimama. Nilisema jina langu na shule yangu. Nilisema kwamba sauti waliyoisikia mwezi uliopita ilikuwa ya binti yangu huyu hapa, na mama yake niko hai mbele yao. Nilisema Aksanti aliongea kwa ajili ya mama yake, vizuri, na mimi nikaona anachelewa, nikachukua maneno yake nikampa mwanangu, na sauti yake nikaifuta. Nilisema sikutumwa na mtu. Nilisema niliwafundisha watoto waseme hadithi ya kweli, halafu mimi nikafanya hivyo. Ya asubuhi ile na ya mtihani sikuyagusa. Nilitamani kuyasema, maana mwenye kosa hupenda kutapika yote apate nafuu, lakini yale hayakuwa yangu kuyatoa.

Mama mmoja wa ndagala akasema kwa nguvu, "Mwalimu muzima hivi!" Wengine wakamnyamazisha. Nikakaa.

Wakamwita Aksanti. Akaja mbele, kavaa kitenge kilichomzidi urefu. Wakampa maikrofoni, akaikataa kwa mkono. Baba yake alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, mikono juu ya magoti.

Akanyamaza. Watu wakangoja. Mtoto akalia mahali, akatolewa. Nilimwona anapumua vile anavyopumua, nikajua anakuja.

Akasema, kwa Kiswahili, siyo kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia:

"Madamu atoke kwanza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Mzee wa kanisa akanitazama, akatazama Kabwe. Nikainuka, na Anita naye akainuka anifuate.

"Anita abaki," akasema Aksanti.

Nilipita kati ya watu wote wale, nikitafuta pa kukanyaga kati ya miguu yao, nikasema samahani, samahani, mpaka nikatoka. Nikavuka barabara nikakaa juu ya jiwe upande wa ziwa. Kutoka pale niliona migongo ya watu na turubai likipepea. Sauti yake niliisikia, maneno hapana. Ilikuja, ikakatika, ikaja tena. Hakuna aliyemharakisha. Mara nikaona mgongo wa Kabwe ukiinama, ukainama zaidi, kisha akasimama, na watu wakasimama, sikuona tena kitu. Baadaye nyimbo zikaanza.

Nililia pale kwenye jiwe, na sitaki kuandika kwamba nililia kwa furaha. Sehemu ilikuwa furaha. Sehemu kubwa ilikuwa kijicho cha mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu na yeye hayumo chumbani.

Anita alitoka watu walipoanza kutawanyika. Macho yake yalikuwa mekundu. Tulitembea kuelekea Minago, yeye upande wa ziwa, mimi upande wa magari. Nikavumilia mpaka nikashindwa.

"Amesema nini?"

Hakupunguza mwendo.

"Ulimsikia mwezi wa tano, mama. Ukafuta."